Somo la 8: Waliotengwa kwa Ajili ya Bwana

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Luka 2:36–38, Mdo 9:36–42, Mdo 21:8, 9, Rum. 16:1, 2; 1 Kor. 7:7, 25–35, 1 Tim. 5:3–16, Math. 13:23.

Fungu la Kukariri: Warumi 16:1, 2. Lisome kwa sauti katika Biblia yako kila asubuhi juma hili, hadi uweze kulisema bila kutazama. Angalia hasa mambo mawili ambayo Paulo analiomba kanisa limtendee Fibi.

Ukivuka asubuhi kutoka Kigamboni, kabla pantoni haijagusa gati la Magogoni utauona mnara wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na wamisionari Wabenediktini kati ya 1897 na 1902. Mara nyingi ndani ya pantoni hiyo wamo masista wawili watatu wanaokwenda kazini. Watu husogea wapite. Hata mtoto asiyejua dhehebu lao huwaamkia, "Shikamoo, Sista."

Sasa tumfikirie dada mmoja Mwadventista aliyesimama katika pantoni hiyo hiyo. Ana miaka thelathini na tisa, anauza vitenge Kariakoo, na amefundisha darasa la watoto kila Sabato tangu alipomaliza sekondari. Hajaolewa. Nguo yake haimtambulishi kwa lolote, wala hakuna anayempisha. Sabato akifika kanisani atakutana na swali analolijua: "Dada, ubwabwa wako tunakula lini?"

Sisi Waadventista hatuna nadhiri za kutooa wala kutoolewa, na somo hili halikusudii kuzianzisha. Lakini Biblia na historia ya karne za kwanza zinatuonyesha kanisa lenye wanawake wasio na waume ambao walijulikana kwa majina, walitunzwa, na walipewa kazi. Kiswahili kina neno moja lenye pande mbili: kutengwa. Mtu aweza kutengwa kwa ajili ya huduma takatifu, na aweza pia kutengwa na wenzake. Juma hili tutaangalia jinsi upande mmoja wa neno hilo ulivyogeuka kuwa mwingine, na tutajiuliza kama sisi tumepona.

JUMAPILI
Jina katika Orodha

Soma 1 Timotheo 5:3–16. Mjane alitakiwa kuwa mtu wa namna gani ili jina lake liandikwe? Kwa nini masharti yalikuwa mengi hivyo?

Wengi wetu huipita sura hii haraka tukidhani inahusu msaada wa chakula tu. Msaada upo kweli. Mjane mwenye watoto au wajukuu atunzwe na hao, ili kanisa lipate nguvu ya kumsaidia yule asiye na mtu. Lakini fungu la 9 linazungumzia kuandikwa, na hapo masharti yanabadilika: awe ametimiza miaka 60, awe amelea watoto, amekaribisha wageni, ameosha miguu ya watakatifu, amewasaidia wenye taabu. Kama ingekuwa habari ya kugawa unga tu, maswali haya yangekuwa ya nini? Njaa haiulizi sifa. Mjane wa miaka 45 hula sawa na wa 60. Ndiyo maana wachambuzi wengi wa Biblia wanaona hapa kundi la wajane waliokuwa na huduma kanisani na waliotoa ahadi fulani mbele za Bwana (angalia fungu la 12).

Paulo hafichi kwamba wajane vijana wangeweza kushindwa kuitunza ahadi hiyo. Ushauri wake ni waolewe. Hawakemei kwa kutaka ndoa, wala hasemi kwamba wakiolewa watashuka daraja mbele za Mungu. Tukumbuke hilo tutakapofika Jumatano.

Ili kuuona uzito wa orodha hiyo, inafaa kujua sheria za dola ya Kirumi. Kwa sheria za mwaka 18 K.K. na 9 B.K., Kaisari Augusto aliwabana raia wasio na ndoa. Mwanamke wa kati ya miaka 20 na 50 asiye na mume angeweza kunyimwa mali aliyoachiwa kwa wosia na mtu asiye ndugu wa karibu. Mjane alipewa miaka 2 awe ameolewa tena. Adhabu hizo kwa wasio na ndoa ziliondolewa na Constantine mwaka 320, yaani zilidumu zaidi ya miaka 300. Katika dola ya namna hiyo, kanisa lililomwambia mjane akae, kwamba jina lake limeandikwa, atakula na atafanya kazi, lilikuwa linasema neno zito. Na sisi tuliotoka katika jamii ambako mjane hutarajiwa kurithiwa na shemeji yake hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Soma Luka 2:36–38. Luka anamwita Ana nabii kabla hajatuambia kwamba ni mjane. Alikuwa ameishi na mume miaka 7 tu, na maisha yake marefu yaliyofuata Luka hayahesabu kama kungojea ndoa nyingine. Alikuwa anamngojea Masihi, na alipomwona akaanza kuwaambia watu habari zake.

Je, kanisa lako lina orodha ya wajane wake? Iliandikwa kwa ajili ya kuwapa tu, au pia kwa ajili ya kuwatuma?

JUMATATU
Nyumba ya Filipo

Soma Mdo 21:8, 9. Luka anataja mambo gani mawili kuhusu mabinti wa Filipo?

Mabinti wanne, nyumba moja Kaisaria, na wote wanatabiri. Luka anawapa fungu moja tu kisha anaendelea na safari ya Paulo, kama mtu anayetaja jambo lisiloshangaza. Lakini kanisa halikuwasahau. Eusebius, askofu wa Kaisaria katika karne ya nne, anaandika kwamba Papias wa Hierapolis, aliyeishi kizazi kilichofuata mitume, alipokea habari kutoka kwa mabinti wa Filipo. Ni kweli kwamba waandishi wa kale waliwachanganya Filipo mwinjilisti na Filipo mtume. Hata hivyo linabaki jambo moja la kutafakari: askofu aliyetaka kujua mambo ya siku za mwanzo aliwategemea wanawake hao kama watunzaji wa kumbukumbu. Ujuzi wao ulitafutwa.

Soma 1 Wakorintho 7:7, 25–35. Paulo anaweka mipaka gani katika ushauri wake kuhusu kutooa na kutoolewa?

Ipo mipaka mitatu, na kila mmoja umewahi kurukwa na watu fulani katika historia. Hana amri ya Bwana juu ya jambo hili. Kila mtu ana karama yake, huyu hivi na huyu vile. Tena hataki ushauri wake uwe mtego shingoni mwa mtu. Faida anayoitaja ni nafasi: moyo usiogawanyika katika kumtumikia Bwana. Kutoolewa kwenyewe, kama hali tu, Paulo hakupi sifa yoyote. Anaangalia nafasi hiyo inatumika kwa nini.

Mkiwa darasani, waulizeni dada zetu wasioolewa swali hili kwa upole, na msiwajibie: je, kanisa limewasaidia kuitumia nafasi hiyo, au limeijaza kwa kuwahurumia?

JUMANNE
Wahudumu Wawili wa Bithinia

Soma Warumi 16:1, 2. Paulo anamtambulisha Fibi kwa cheo gani?

Neno analotumia Paulo kwa Fibi ni lile lile ambalo mahali pengine hutafsiriwa shemasi au mhudumu. Yapata miaka 55 baada ya barua hiyo, neno la namna hiyo linajitokeza tena, safari hii katika barua ya mtu asiyeamini. Karibu mwaka 112, gavana Pliny wa Bithinia alimwandikia Kaisari Trajan kuomba maelekezo juu ya Wakristo. Anaeleza kwamba ili apate ukweli wa mambo aliwatesa vijakazi wawili, na kwamba Wakristo waliwaita wanawake hao wahudumu. Alichokipata, kwa maoni yake, ni ushirikina tu uliopita kiasi.

Majina yao hakuyaandika. Walikuwa watumwa: mbele ya sheria ya Rumi hawakuwa na heshima ya kuteswa kwa siri wala ndugu wa kuwatetea. Ndani ya kanisa walikuwa na cheo. Sijui kama kuna mahali pengine katika nyaraka za zamani panapoonyesha wazi kuliko hapa tofauti kati ya macho ya Kaisari na macho ya ndugu katika Kristo.

Mwaka 251 askofu Cornelius wa Rumi alitaja hesabu ya kanisa lake: wazee 46, mashemasi 7, wengine wenye kazi mbalimbali, na wajane pamoja na wenye shida zaidi ya 1,500 waliotunzwa na kanisa. Linganisha na bajeti ya Idara ya Dorkasi unayoifahamu.

Soma Mdo 9:36–42. Wajane wa Yafa walimwonyesha Petro nini, na kwa nini?

JUMATANO
Picha Ilipoimeza Kazi

Soma Mathayo 13:23. Je, Yesu anasema lolote katika mfano huu kuhusu ndoa?

Mabadiliko hayakuja siku moja. Mapema katika karne ya pili, Ignatius wa Antiokia anawasalimu huko Smirna mabikira waitwao wajane, salamu inayoonyesha kwamba kundi la wajane lilikwisha kuanza kupokea watu wengine. Miaka mia moja baadaye, katika Afrika ya Kaskazini, Tertullian wa Carthage anakasirika kwa sababu askofu mmoja amemweka binti ambaye hajafikisha miaka 20 katika kundi la wajane. Mwandishi huyo huyo alitunga kitabu kizima kuhusu kama mabikira wajifunike kichwa kanisani au wasijifunike. Ona mazungumzo yalivyohama. Paulo aliuliza kama mama huyu ameosha miguu ya watakatifu. Sasa watu wanabishana juu ya kitambaa chake.

Katika karne ya nne mateso yalikoma, na pamoja nayo nafasi ya kuwa shahidi kwa kuuawa. Heshima iliyokuwa ya wafia imani ikatafuta mahali pa kukaa, ikakaa juu ya ubikira. Ambrose wa Milano aliandika vitabu vya kuusifu mwaka 377. Mwaka 384 Jerome alimwandikia binti wa Kirumi, Eustochium, barua ndefu ambayo ndani yake mfano wa mpanzi unafanywa ngazi: sitini ni wajane, mia ni mabikira. Ukiusoma mfano wenyewe utaona kwamba Bwana alizungumzia udongo na mbegu.

Alitokea mtu wa kupinga. Jovinian, naye mwenyewe alikuwa mtawa, alifundisha kwamba mabikira, wajane na wenye ndoa waliobatizwa katika Kristo wana thamani moja mbele za Mungu ikiwa matendo yao mengine ni sawa. Alihukumiwa Rumi, akahukumiwa na Milano. Mwaka 393 Jerome aliandika vitabu viwili dhidi yake, vikali kiasi kwamba hata rafiki zake Jerome waliona haya.

Mwaka 451 Mtaguso wa Chalcedon uliweka kanuni. Mwanamke asiwekwe kuwa shemasi kabla ya miaka 40. Na bikira aliyejiweka wakfu kwa Mungu, akiolewa, aondolewe katika ushirika, ingawa askofu aliachiwa nafasi ya kumhurumia. Hapa ndipo neno letu lilipogeuka. Mwanamke aliyetengwa kwa ajili ya Bwana sasa aweza kutengwa na kanisa kwa kufanya jambo lile ambalo Paulo aliwashauri wajane vijana walifanye.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu, hata hivyo. Nyuma ya vitabu hivyo vya sifa walikuwepo wanawake halisi waliofanya kazi halisi. Jerome mwenyewe anashuhudia kwamba Fabiola, mwanamke tajiri wa Rumi, alikuwa wa kwanza kuanzisha nyumba ya kuwatunzia wagonjwa, na kwamba aliwabeba kwa mikono yake watu ambao wengine hawakuweza kuwatazama vidonda vyao. Nami hufurahi kidogo kila nikikumbuka kwamba Fabiola hakuwa bikira. Alikuwa ameolewa mara mbili.

ALHAMISI
Pwani Yetu, na Sisi Wenyewe

Soma tena 1 Timotheo 5:9, 10.

Desemba 1860 Padre Armand Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, na pamoja naye masista sita wa shirika la Mabinti wa Maria. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1849, mara tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani humo, na lilipokea wanawake waliokuwa watumwa pamoja na wanawake wa kizungu katika nyumba moja na nadhiri moja. Watu wa Unguja waliokuwa wakiona binadamu wakiuzwa sokoni waliletewa wanawake wa shirika la namna hiyo. Kazi yao ilikuwa kutibu wagonjwa na kulea wasichana waliokombolewa, na baada ya misheni ya Bagamoyo kufunguliwa mwaka 1868 waliifanya huko pia.

Wabenediktini walifika Dar es Salaam mwaka 1888, wakapanda hadi Pugu. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, kituo cha Pugu kilishambuliwa na Sista Martha Wansing akauawa pamoja na mabruda wawili. Kwa watu waliokuwa wakipigania nchi yao haikuwa rahisi kumtofautisha sista wa Kijerumani na kampuni ya Kijerumani, na hilo nalo ni sehemu ya historia ya picha ya wanawake hawa. Baadaye wasichana wa Kiafrika walianza kuomba maisha hayo wenyewe. Buganda, shirika la Bannabikira lilianzishwa mwaka 1910, katika jamii ambamo binti kukataa kuolewa lilikuwa jambo geni kabisa.

Hatukubaliani na fundisho la nadhiri hizo. Lakini tunapowaona masista Magogoni watu wakiwapisha, tukiri kwamba heshima ile haitokani na mavazi peke yake. Watu wanakumbuka zahanati. Wanakumbuka shule.

Na sisi? Wamisionari wetu wa kwanza, Ehlers na Enns, walipopita Dar es Salaam mwaka 1903 wakielekea Upare, tayari walikuwa na shauri lililochapishwa miaka minane kabla. Katika Review and Herald la tarehe 9 Julai 1895, Ellen G. White, mjane tangu 1881, aliandika akiwa Australia kwamba wanawake walio tayari kutoa sehemu ya muda wao kwa kazi ya Bwana wateuliwe kuwatembelea wagonjwa, kuwaangalia vijana na kuwahudumia maskini, na kwamba watengwe kwa kazi hiyo kwa maombi na kuwekewa mikono. Hakutaja umri wala nadhiri. Hakuuliza kama wana waume. Halmashauri Kuu ilipokutana Atlanta mwaka 2010 iliingiza katika Kanuni ya Kanisa kuwekwa wakfu kwa mashemasi wa kike. Kati ya 1895 na 2010 ni miaka 115.

Nitasema hapa jambo ambalo si rahisi kwangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya uteuzi katika kanisa moja. Jina la dada mmoja asiyeolewa lilipendekezwa kwa uongozi wa Shule ya Sabato. Mjumbe mmoja akasema, "Huyo bado hajatulia." Hakuna aliyemwuliza maana yake. Dada yule alikuwa ametulia katika darasa lile lile kwa miaka kumi na minne. Mimi, ambaye kazi yangu ni elimu ya kanisa, niliinamia karatasi yangu. Tukapitisha jina la kijana aliyekuwa na miezi minane katika ndoa. Alikuwa kijana mzuri, hana kosa. Yule dada bado tunaonana naye Sabato, anakaa viti vya nyuma. Darasa la watoto aliliacha robo iliyofuata.

Ni maneno gani tunayoyatumia kanisani, kama lile la "kutulia", yanayopima huduma ya mwanamke kwa ndoa yake?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma 1 Timotheo 5 yote kwa mara moja, halafu Warumi 16:1–16. Katika mafungu hayo ya Warumi hesabu majina ya wanawake, na uandike mbele ya kila jina kile Paulo anachosema walikifanya. Kisha angalia ni wangapi kati yao Paulo ametuambia kama walikuwa na waume.

Maswali ya Kujadili:

1. Mtu mmoja darasani anasema, "Mada hii ni ya Wakatoliki, sisi haituhusu." Mngemjibuje kwa kutumia 1 Timotheo 5 na Mdo 21:9 peke yake?

2. Paulo aliweka umri wa miaka 60, Chalcedon ikaweka 40, na makala ya Ellen White haikuweka umri wowote. Kila mmoja alikuwa analinda nini? Je, kuna kulinda kunakogeuka kuwa kunyima?

3. Masista wana mavazi, nyumba na jina linalojulikana. Mwadventista mjane au asiyeolewa hana alama yoyote ya nje. Je, kanisa linaweza kumheshimu kwa njia gani zinazoonekana bila kuanzisha daraja la watakatifu walio juu ya wengine?

4. Kila mmoja afikirie kimya jina la mwanamke mmoja, mjane au asiyeolewa, aliyewahi kufundisha, kupika, kufagia au kuomba katika kanisa lenu na sasa amekaa viti vya nyuma. Msiyataje majina hayo kwa sauti. Kisha mjadili: nani ataenda kuzungumza naye kabla ya Sabato ijayo, na atamwomba afanye kazi gani?

5. Kama kamati yenu ya uteuzi inakutana robo hii, nani atakayeuliza mtu akisema fulani "hajatulia"?